Kibuyu Kilichotafutwa Miaka Ishirini

Haya, kaeni. Nimewaona mkitazamana pale Eliapenda alipotamba kwamba amepita bila kupingwa kuwa mwenyekiti wa kwaya yenu, nami nikamjibu, "Kibuyu kimoja hakina mshindi." Mnauliza maneno hayo yametoka wapi. Yametoka huku huku kwetu Upare, kwenye mfereji, na chanzo chake ni hiki.

Zamani mashamba yote ya kijiji yalinyweshwa kwa zamu kutoka bwawa moja, na zamu alizipanga mgawa maji. Kila mwaka, siku ya kusafisha mfereji, watu walimpima. Ndani ya kibanda kando ya bwawa viliwekwa vibuyu viwili: cha kulia aendelee, cha kushoto apumzike. Mtu aliingia peke yake, akatumbukiza punje moja ya kunde anakotaka, akatoka.

Mwaka ule Mrindoko alipokuwa mgawa maji, kibuyu cha kushoto kilipasuka. Panya, alisema. "Tutumie hiki kimoja kwanza, huku nikitafuta kinachofanana na kile." Akatafuta miaka ishirini! Na vibuyu vilitambaa kwenye ua wa kila nyumba. Watu waliendelea kuingia kibandani, maana asiyeingia alinyimwa zamu. Kisha Mrindoko alimwaga kunde mbele yao, macho yakimeremeta: "Jamani, kumbe mnanipenda hivi!" Migomba yake ilikunywa maji siku tatu kila wiki.

Sasa kulikuwa na mjane, Nakijwa, mwenye watoto wanne. Mahindi yake yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, na maji yalikuwa hayajafika shambani kwake kwa wiki tatu. Wiki ya nne ikipita hivyo, wanawe wangelala njaa mpaka masika. Hakwenda kumlilia mtu. Siku ya kusafisha mfereji alitungua kibuyu kikavu jikoni kwake, akaenda nacho bwawani.

"Shikamoo, baba. Kile kibuyu ulichokuwa ukikitafuta, nimekipata."

Mrindoko akakigeuzageuza. "Shingo yake fupi, mwanangu."

"Ni fupi, baba. Lakini mdomo kinao."

Waliokuwa wakizoa tope wakaweka majembe chini, wakasogea. Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Mrindoko, nasi tunakupenda hivi, unaogopa nini?"

Mrindoko akakiweka kibuyu mwenyewe, kushoto.

Watu wakaingia, wakatoka. Vibuyu vikaletwa nje. Kile cha Nakijwa kilimwagwa, kikamwagika, mpaka kuku wakaanza kusogea. Cha kulia kilipopinduliwa, ikadondoka punje moja. Mrindoko akaijua, kwa kuwa aliitia yeye. Akamgeukia mkewe.

"Hata wewe, mama Sifaeli?"

"Kura ni siri, mume wangu. Ila paa letu linavuja tangu ulipoanza kutafuta kibuyu."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mrindoko alinuna, akatazama punje yake, kisha naye kicheko kikamshinda. "Miaka ishirini mizima najipongeza! Nilikuwa namshinda nani? Kibuyu kimoja hakina mshindi." Kisha akainuka, akafungua maji kwa mkono wake mwenyewe kwa mara ya mwisho, na zamu ya kwanza ikaenda kwa Nakijwa. Kwa hilo mimi nampenda mzee yule, sifichi.

Mahindi yalikomaa, na maneno ya Mrindoko yakabaki midomoni mwa watu. Siku hizi nasikiliza redio, nasikia ziko nchi nzima duniani, zenye ikulu na ving'ora, ambako wakubwa bado wanatafuta kibuyu kinachofanana. Nacheka peke yangu, halafu nawahurumia watu wao, kwa sababu mahindi hayangoji.

Eliapenda, acha kujificha nyuma ya wenzako. Sauti unayo, na huenda wakakuchagua kweli. Jumapili rudieni uchaguzi, na mwingine asimame. Ukishinda, kigelegele cha kwanza kitakuwa changu. Leo nimekibana tu, mjukuu wangu, kwa sababu kibuyu kimoja hakina mshindi.