Msiba wa Shangazi Ermelinda

Nani hapa anaweza kunitajia jina la shangazi wa babu yake? Wewe? Wewe je? Basi nyamazeni, na msione haya. Kutojua si dhambi. Wafalme wa kisa hiki waliona haya kusema hawajui, na haya hizo nusura zizike nchi zao zote.

Ilikuwa zamani, zamani iliyokuwa mbali hata kwa waliokuwamo. Mkorosho ulikuwa haujafika kwetu na kiazi kilikuwa hakijafika Ulaya. Huko kwenye baridi, ambako mvua huanguka nyeupe na haina haraka, wafalme walikuwa wengi kama kuku. Mwenye mlima alikuwa mfalme. Mwenye mlima na mto alikuwa mfalme mkuu. Na wote, nawaambia wote, walikuwa uzao wa bibi mmoja, Malkia Adalgunda, aliyezaa sana na kuoza zaidi. Binti huyu kaskazini, binti yule kusini, mwana huyu bondeni, mwana yule kisiwani, mpaka ikawa hakuna kiti cha enzi ambacho hakijakaliwa na mjukuu wake.

Na sheria yao ilikuwa moja: wa kifalme haoi ila wa kifalme. Haya, fikirini. Kama wafalme wote ni ndugu, na mwana wa mfalme haoi ila binti wa mfalme, anamwoa nani? Binamu yake. Na mtoto wao atamwoa nani? Binamu. Na mjukuu wao? Tuishie hapo, wengine mmekwisha kula.

Ndiyo maana wote walikuwa na kidevu kimoja, kirefu, kimejitokeza mbele kama mwiko. Mgeni akiingia karamuni kwao alidhani ni mtu mmoja amezungukwa na vioo.

Miongoni mwao alikuwapo Malkia Gunilda. Kaka yake alikuwa Sigmari, mfalme wa Vestinia. Mumewe alikuwa Ottokari, mfalme wa Brunwaldi, ng'ambo ya mto. Kwa hiyo Ottokari na Sigmari walikuwa mashemeji, na kwa upande wa bibi Adalgunda walikuwa mabinamu. Kwetu mabinamu hutaniana na utani ukaisha kwa kicheko. Kwao ulikuwa unaisha kwa majeshi.

Gunilda alikuwa na mtoto mmoja tu, Lenarti, kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado hazitoshi kuficha kile kidevu. Roho ya Gunilda ilikaa kwa kijana huyo. Kwake mwenyewe ulibaki mwili na taji.

Sasa ikaja harusi. Binamu alikuwa anamwoa binamu, msiniulize yupi. Ottokari na Sigmari wakafika mezani kwa pamoja, na kando ya bwana harusi kulikuwa na kiti kimoja.

"Hapo nakaa mimi," akasema Ottokari. "Mimi ni mjukuu wa Adalgunda kwa mwanawe wa kiume."

"Na mimi ni mjukuu wake kwa bintiye," akajibu Sigmari, "lakini binti huyo ndiye aliyekuwa kifungua mimba. Baba yako alikuwa bado ananyonya, mama yangu anasuka nywele."

"Unanitajia baba yangu na maziwa?"

"Nakutajia maziwa kwa sababu shemeji bado unanuka nayo."

Wakavuta kile kiti, huyu huku, yule huku. Kikavunjika. Bwana harusi akala amesimama. Na kabla keki haijakatwa, vita ilikuwa imetangazwa: theluji ikiyeyuka, Brunwaldi na Vestinia watakutana mtoni, na watakaoongoza majeshi ni wana wa wafalme, kwa kuwa wafalme wenyewe wana maumivu ya mgongo.

Usinicheke, Tunu. Ndivyo ilivyokuwa.

Lenarti akafurahi. Vijana hufurahia mambo ya ajabu. Akavaa deraya, lile vazi la chuma la vita, akazunguka nayo ukumbini ikilia kama sufuria zilizoanguka, akamwuliza mama yake, "Mama, nimependeza?"

"Umependeza," akasema Gunilda. Akaenda chumbani kwake, akafunga mlango, akauma mto ili asisikike.

Lakini watu wale walikuwa na desturi, na desturi ikishikwa vizuri ni kama kamba kisimani. Kwa kuwa damu yao ilikuwa moja, akifa mmoja wamefiwa wote. Likikaa tanga nyumba moja, limekaa nyumba zote. Bendera zinashushwa, panga zinatundikwa, farasi wa vita havikwi tandiko mpaka mwezi ufe na kuandama tena. Mfalme akipigana ndani ya matanga, ukoo unamtenga, na watoto wake hakuna wa kuwaoa wala kuolewa nao. Na mkumbuke: nje ya ukoo hawaoi. Basi desturi hiyo iliogopwa kuliko Mungu, ingawa Mungu alitajwa zaidi.

Asubuhi moja mezani, theluji ikidondoka dirishani tone kwa tone, Gunilda akaweka mkate wake chini.

"Baba Lenarti," akasema, "umesikia? Shangazi Ermelinda amefariki."

Ottokari akaacha kutafuna. "Shangazi yupi?"

"Ermelinda. Wa Marazia."

Gunilda alimwangalia mumewe akipekua kichwani, chumba baada ya chumba, kama mtu aliyepoteza ufunguo. Hakumwona humo Ermelinda. Angemwonaje? Lakini mfalme asiyemjua shangazi yake ni mfalme gani? Si ataambiwa ni wa kuokotwa?

"Aa! Ermelinda!" akasema Ottokari, akajipiga paji la uso. "Maskini Ermelinda! Mama yule! Alikuwa amekwisha dhoofu."

"Sana," akasema Gunilda.

"Nilimwona mwenyewe. Nikasema, huyu havuki mwaka."

Gunilda akachukua tena mkate wake. Alikuwa ametarajia kuulizwa maswali. Alikuwa amejiandalia majibu: ugonjwa, umri, mume aliyetangulia. Hakuulizwa hata moja.

Tarishi akavuka mto na tanzia. Akarudi na maneno ya Sigmari: "Mwambie dada nimelia mpaka nimelala njaa. Ermelinda ndiye aliyenibeba mgongoni. Tunakuja."

Wakaja. Hakuna watu wanaojua kuja msibani kama watu wa kifalme. Wakaja kutoka kaskazini na kusini, bondeni na kisiwani, nguo nyeusi mwili mzima, videvu vimetangulia. Wakala, wakanywa, wakalia. Wakalia, wakanywa, wakala. Na kila mmoja alikuwa na lake la kusimulia.

"Alikuwa mkali, lakini mkali wa upendo."

"Kwako labda. Mimi alinipenda tu."

"Mwajua kwamba alipiga kinanda?"

"Nani asiyejua? Nilimfundisha mimi."

Askofu Anselmi, ambaye naye alikuwa binamu, akasimama akaeleza jinsi alivyompaka mafuta matakatifu saa ya mwisho, na maneno aliyomwambia sikioni. Akayataja. Yalikuwa maneno mazuri. Watu wakalia upya.

Akaitwa mchoraji amchore marehemu ukutani, pamoja na ukoo. Akauliza, "Alikuwaje?" Mmoja akasema mrefu, mwingine akasema mfupi, wa tatu akasema inategemea na viatu. Mchoraji akakuna kichwa, akachora kidevu. Wote wakasema, "Huyo huyo!"

Gunilda alikaa katikati ya yote hayo na ushungi wake mweusi, anapewa pole. Alianza kwa kujizuia asicheke. Siku zikaenda, akaanza kumhurumia Ermelinda, mwanamke aliyependwa hivyo na hakuna aliyewahi kumpelekea hata kikapu cha mayai. Na alipoona Ottokari na Sigmari wameegemeana mabega, machozi ya huyu yanatiririka kwenye kola ya yule, akashusha pumzi. Deraya ya Lenarti ilikuwa imetundikwa, imeanza kuota kutu. Akasema moyoni: yamekwisha.

Husemwa damu ni nzito kuliko maji. Sawa. Ndiyo maana hainyweki.

Mwezi ulipokuwa umebaki kama ukucha, wako mezani, Sigmari akajifuta midomo akasema, "Hivi, na Marazia sasa inakuwaje?"

"Inakuwaje kwa vipi?" akauliza Ottokari.

"Shangazi hakuzaa. Nani anairithi?"

Ottokari akacheka kwa upole, kama anamcheka mtoto. "Kwani hukuambiwa? Aliniachia mimi. Alinishika mkono akaniambia, Ottokari, Marazia yako."

"Ajabu. Mimi alinishika mikono yote miwili."

"Shangazi yangu asingefanya hivyo!"

"Shangazi yako tangu lini? Wewe ulimjua amekwisha kuzeeka! Mimi nilimjua ana meno!"

Binamu wa kisiwani naye akasema Marazia aliahidiwa yeye. Binamu wa kaskazini akasema aliahidiwa nusu, ile yenye msitu. Hakuna aliyeuliza Marazia iko wapi. Kila mmoja alinyoosha kidole upande wake. Sasa haikuwa vita ya nyumba mbili tena. Ilikuwa ya nyumba zote, na ingeanza siku ile ile ya kuanua tanga, mara Askofu atakaposema amina.

"Lenarti!" Ottokari akaita. "Wewe ndiwe utakayetangulia."

"Ndiyo, baba!" Na kijana akaenda kutafuta mafuta ya kusugulia kutu.

Gunilda akafikiria kumuua na mjomba asiyekuwapo. Nasema kumuua kwa mdomo, kama alivyomuua shangazi. Akaona mjomba naye ataacha shamba.

Akamfuata mumewe chumbani. Akampigia magoti, akamwambia ukweli wote, tangu mkate mpaka machozi.

Ottokari alimsikiliza mpaka mwisho. Akavua kiatu kimoja. Akasema, "Mke wangu, msiba umekuchosha."

"Sijachoka, bwana wangu. Hakuna Ermelinda."

"Nilikaa mapajani mwake."

"Ottokari."

"Nimesema mbele ya ukoo mzima kwamba nilikaa mapajani mwake! Unataka niende niwaambie nini? Kwamba nilikaa hewani?" Akavua kiatu cha pili. "Usimkane marehemu, Gunilda. Hata kama hakuwapo, tumekwisha mlilia."

Akalala. Akakoroma. Gunilda akakaa kitandani akifikiri. Kumwambia mmoja mmoja hakutasaidia, maana kila mmoja ana mapaja yake aliyokalia na mgongo wake aliobebwa. Lazima wasikie wote kwa pamoja, ili asiwepo wa kumwonea mwenzake haya. Na mwanamke aliyezusha msiba, kwa desturi yao, alinyolewa nywele na kurudishwa kwao. Kwao ni kwa nani? Kwa Sigmari, aliyelala njaa kwa ajili ya Ermelinda. Asingefunguliwa lango.

Akalipima hilo. Akampima na Lenarti upande wa pili. Haikuchukua muda.

Siku ya kuanua tanga ikafika. Kanisa likajaa. Nje, farasi walikuwa wamekwisha vikwa tandiko, wanapiga kwato. Ndani, chini ya nguo nyeusi, kila mtu amevaa deraya, kwa hiyo walipopiga magoti kulisikika kishindo kama jiko limebomoka. Lenarti alikaa karibu na mlango, mkono kwenye upanga, macho yanang'aa. Askofu Anselmi akasoma, akaimba, akafukiza, akafungua mdomo ili aseme amina.

Gunilda akasimama. Akavua ushungi.

Sasa ngojeni. Funzo nitawapa hapa hapa, maana mkishausikia mwisho mtakimbilia nje na hakuna atakayenisikiliza. Funzo ni hili: ukijitia kumjua usiyemjua, jiandae kumzika, kumrithi, na kupigana kwa ajili yake. Na jingine dogo: ndugu wa kweli ni yule unayeweza kumwuliza "wewe ni nani kwangu?" asikasirike.

Najua pia mnataka kujua kama vita ilipiganwa. Haikupiganwa. Ni vigumu kupanda farasi ukiwa na aibu kiasi kile. Waliondoka mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma, na Askofu akatangulia. Gunilda alinyolewa nywele, zikaota. Lenarti alizeeka, akawa na tumbo na wajukuu, na mkewe alikuwa binti wa mwoka mikate, mwenye kidevu cha kawaida.

Kisa nimekikunja, kama ni kitamu gawaneni, kama ni chungu nirudishieni mwenyewe. Limebaki neno moja tu, nalo si langu. Ni la Gunilda, aliyesimama pale kanisani kichwa wazi, mbele ya videvu vyote vya Ulaya, akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni:

"Hakuna Ermelinda. Nilimtunga mimi, mezani, mkate ukiwa mbele yangu. Ninyi mlikuwa mnagombea kiti, na mimi nilikuwa na mwana mmoja."