Fahali wa Ng'ambo

Paukwa!
Pakawa!

Itikieni kwa nguvu, maana hadithi hii bado inaniudhi.

Hapo zamani palikuwa na kijiji kando ya mto. Ng'ambo aliishi mkunga, Bibi Namtipa. Kila mwaka wanaume walijenga daraja. Kila mwaka masika yalilibeba.

Walijengaje? Wakati wa kiangazi, mto ukiwa mwembamba, Jumbe Chilumba aliupima kwa miguu yake. Hatua ishirini. Basi! Fahali akachinjwa siku ya kwanza, eti kubariki kazi. Wakala, wakanywa, wakalala. Kesho yake wakaja nusu. Keshokutwa wakaja wanne.

"Kamba ziko wapi?"

"Si ungeleta wewe?"

"Mimi? Mimi niliitiwa nyama."

Mvua ikaja. Mto ukavimba, guuu! guuu! Daraja likaenda na maji. Wakasema ni kazi ya Mungu. Je, Mungu ndiye aliyekula fahali?

Masika moja mwanamke wa kijijini, Mwanahiba, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Bibi Namtipa alisimama ng'ambo akipaza sauti kumwelekeza, guuu! maji yakaimeza sauti. Mtoto akafa.

Kiangazi kikarudi. Sasa mwenye mimba alikuwa Siwema, binti wa Jumbe, na siku zake zingetimia wakati wa masika. Wazee walikuwa wameshachagua fahali. Bibi akavuka, akawakuta barazani.

"Fahali huyo apelekwe kwangu ng'ambo."

"Tukamle huko?"

"Akafungwe huko. Mtamla siku atakayovuka daraja kwa miguu yake minne."

"Bibi, watu hawafanyi kazi na njaa!"

"Chilumba, mimi ndiye niliyekupokea ulipozaliwa, na ulitoka unalilia chakula hivyo hivyo. Mmekula mafahali watatu. Daraja liko wapi?"



Akawaita wanawake wanaofua mtoni. "Waonyesheni maji hufika wapi." Wanawake wakapanda ukingo, wakapanda, hadi kwenye mkuyu wenye takataka za mafuriko matawini. Kumbe upana wa mto uliojaa ni hatua hamsini na nne!

"Mbona hamkusema?" akauliza Jumbe.

"Mlituuliza lini?"

Kamba akapewa mtu mmoja, jina lake likatajwa mbele ya wote. Magogo mwingine. Asiyeleta alijulikana kwao na kwa wakwe zake. Huko ng'ambo fahali akalia, mbooo! Mashoka yakajibu, ko! ko! ko!

Daraja likasimama. Fahali akaletwa, akakanyaga, gogo likalia, kwaa! Akarudi nyuma.

"Rekebisheni," akasema Bibi.

"Lakini Bibi, limebaki kidogo tu!"

"Kidogo hicho ndicho kinachoua. Rekebisheni."

Wakarekebisha siku nne, wakinung'unika. Fahali akavuka, ndu, ndu, ndu. Hapo ndipo wakala.

Masika yakaja. Guuu! guuu! Daraja halikutikisika. Siwema akashikwa na uchungu, na Bibi Namtipa akavuka na mfuko wake wa dawa, nguo yake kavu. Kabla jua halijazama mtoto akalia, ng'aa! ng'aa!

Jumbe akashangilia mjukuu. Akaanza kusimulia alivyojenga daraja. Mwanahiba alikuwa jikoni akichemsha maji ya mzazi. Akatoka, akamtazama.

"Kumbe liliwezekana," akasema, akarudi jikoni.



Nanyi mnaopenda kuzindua kazi, shikeni hili: anayevuka ndiye aulizwe kipimo, na nyama ingoje ng'ambo. Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kamba ya watu nyumbani kwake aipeleke kesho.