Jini na Mahari Isiyoshuka Bei

Katika mji wa Kiwandeo alitawala Sultani Sulubu bin Makame, mwenye kilemba cha hariri na akili za shaba, na alipoishiwa fedha ya kujengea kasri la tatu akaamuru sarafu zichanganywe shaba, na kila wiki shaba ikazidi, hata riale iliyonunua mbuzi Ijumaa, Jumatatu ikanunua kwato zake.

Na palikuwa na kijana, Shekuwe bin Hatibu, aliyesoma miaka kumi na mmoja, nahau na falaki na hesabu za mirathi, akapewa ijaza, hati ya kuhitimu, yenye mihuri mitano, na kila alipobisha hodi diwani kuomba kazi wakamwambia, mabruki sana, sasa lete na eksipiriensi. Mali yake yote ilikuwa mfuko mmoja wa riale alioachiwa na marehemu baba yake, nao ndio mahari ya Mwana Ridhai, binti wa Mzee Sefu muuza viungo. Na Mzee Sefu alikuwa amekwisha sema: siku arobaini kutoka leo, mahari isipotosha, mwari ataolewa na sonara.

Shekuwe, mfuko ukimyeyukia mkononi, akaisugua pete kuukuu ya babake iliyokuwa kidoleni mwake, na jini Kashmardani akatoka.

"Labeka, bwana wangu. Amuru."

"Nigeuzie riale hizi ziwe kitu kisichoshuka bei."

Jini akakuna pembe. "Sayyidi, nimejenga makasri kwa pumzi moja. Hili sijawahi kuombwa. Tujaribu dhahabu, si kila mtu anaikimbilia?"

Basi zikawa dhahabu, na dhahabu ikapanda siku tano, na Shekuwe akatembea kifua mbele. Siku ya sita matajiri walioishiwa chakula wakaitoa yote sokoni asubuhi moja, ikaporomoka. Jini akasema labda karafuu. Ikawa karafuu, kumbe wanunuzi wa ng'ambo nao wamefilisika. Shekuwe akataka kujua dhahabu iliyopanda sarafu zikianguka imekuwaje ikaanguka pamoja nazo, na jini akakiri kwamba kichwa kinamuuma, na majini wenzake wanabishana hadi wanarushiana viatu. Kilichobaki akakigeuza mtama, pishi sitini, na mtama ukapanda, ukapanda, na kila asubuhi Shekuwe akauliza, tuuze au tusiuze?

"Jana ningesema tuuze," akajibu jini. "Leo sikumbuki kwa nini."

Siku ya nikaha kadhi, kwa ada ya mji ule, akamwendea mwari asikie mahari anayoitaka kwa kinywa chake mwenyewe, kwani neno lake ndilo la mwisho. Hapo Shekuwe akashtuka: siku arobaini alimuuliza jini, na mwari hakumuuliza hata mara moja.

Mwana Ridhai akasema nyuma ya pazia, "Mahari yangu ni huo mtama wote. Upikwe leo, mtaa mzima ule."

"Mwanangu," akasema Mzee Sefu, "leo ndiyo bei ya juu kabisa, na kesho itazidi. Subiri."

"Baba, tangu juzi nakunywa maji ya mdalasini tu. Nisubiri nini?"

Kadhi, naye tumbo tupu, akafunga nikaha kwa kasi isiyopata kuonekana, na watu wakala hadi masufuria yakakwanguliwa.

Wiki ile ile misafara ya bara ikaingia na mtama mpya, bei ikawa vumbi, na waliouficha wakalia juu ya magunia yaliyojaa fukusi. Sultani akamwita Shekuwe, akamuuliza aliijuaje siku yenyewe hasa ya kuutoa mtama. Shekuwe akaapa wallahi hakujua kitu, ni njaa ya mkewe tu. Sultani akaona huo ni unyenyekevu wa mabingwa, akampa ufunguo wa hazina na mshahara wa kutisha, na ijaza hakuitaka hata kuiona.

Wakaishi kwa neema, wakazaa watoto saba, na Shekuwe hadi anaingia kaburini hakuelewa alichokifanya. Basi nawe, ukimwona mheshimiwa aliyekalia kiti cha hazina akikufundisha pa kuficha mali mambo yanapoharibika, muulize kwanza siku ile nani alikuwa na njaa nyumbani kwake.