Mjumbe Aliyechota Maji ya Kwanza

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mmenisikia nikimwambia dada yenu Mwanaidi, mkaruka wote: "Bibi, ilitoka wapi?" Basi tulieni. Na wewe Mwanaidi, iweke chini hiyo barua ya kupangiwa ubalozini, umeisoma mpaka imechakaa na bado huamui. Methali hii ilianza hivi.

Mfalme wa mlimani alimtuma Shekiondo akakae bondeni, awe mjumbe wake huko. Heshima aliipata: kigoda cha mbele, kitoweo kinono. Lakini upweke! Harusini watu wa bonde walikaa kiukoo, ukoo wa Juu huku, ukoo wa Chini kule, naye peke yake katikati kama kinu. Mama yake alipofariki, habari zilimfikia matanga yamekwisha. Mwaka wa tatu akafunga mzigo arudi kwao.

Asubuhi ya kuondoka akamkuta mwenyeji wake, Mamkunde, amempakata mwanawe anayeharisha, macho yameingia ndani. Koo mbili zile zilikuwa zimegombana, na kwa mila yao, baada ya ugomvi, anayetangulia kuchota kisimani amekiri kosa la ukoo wake. Siku tisa hakuna aliyechota. Watu wazima na ndevu zao wanawanywesha watoto maji ya dimbwi, eti heshima! Mpaka leo hasira hunipanda.

"Chota, mama," Shekiondo alimsihi.

"Nichote mie, ukoo wa Chini ubebe kosa? Watanifukuza."

"Akichota mtu wa Juu?"

"Kosa lao."

"Na mimi ni wa wapi?"

"Wewe? Wewe huna ukoo hapa..."

Mjumbe hatumwi kisimani, ndiyo maana hakuna aliyemfikiria. Mara Mamkunde akatoka mbio na mtoto mgongoni, akipiga kelele kijiji kizima kisikie: "Mgeni njoo! Njoo, mwenyeji apone!"

Shekiondo akautupa mzigo, akakimbia. Kata ya kwanza akamnywesha mtoto, ya pili akamimina katika mtungi wa Juu, ya tatu katika mtungi wa Chini. Wazee wakatazamana. Wa kwanza amekwisha chota, na hana ukoo! Vigelegele vikapasuka, mitungi ikagongana, watu wakasukumana kisimani wakicheka. Mtoto akapona. Ukiwa uliomliza Shekiondo miaka mitatu ndio uliowapa maji, na mzigo ule aliufungua kwa mikono yake mwenyewe.

Sikufichi, Mwanaidi: huko utalia, na huenda mimi nikazikwa hupo. Lakini kuna kisima mahali, wenyewe wameshindwa kukigusa. Haya, chukua kalamu utie sahihi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.