Mize Mfinyanzi na Mmea wa Jini Dahmani

Katika mji wa Jauhari, enzi ambazo majini walikuwa bado wakibisha hodi mchana kweupe, alitawala Sultani Mudhaffari bin Ghassani, mwenye hazina na majeshi na kasri la vyumba mia, na pamoja na neema zote hizo Mola alimruzuku mtoto mmoja tu, mwanamfalme Haidari, na kwa ajili ya mtoto huyo roho yake ilikuwa juu juu kila siku.

Wala haikuwa juu juu bure. Siku moja Haidari alikwenda kuwinda msituni, na farasi wake akazuiwa na mmea utambaao, mzuri ajabu, na majani yake yaking'aa kama zumaridi. Yeye kwa haraka za ujana akachomoa upanga, akaukata apite. Papo hapo ardhi ikatetemeka na moshi ukapanda, na ndani ya moshi akatokea jini Dahmani, kichwa chake kimepita vilele vya miti.

"Ewe mwanadamu!" akanguruma. "Mmea huu nimeulea miaka mia tatu, nawe umeukata kwa kuona njia nyembamba? Basi kichukue kipande ulichokikata, ukakilee ndani ya nyumba, chini ya dari. Kikitambaa na kushuka hata kikagusa sakafu kabla ya mwaka kwisha, umesalimika. Kikifa, nitakuja kukutwaa, nawe utanichotea maji chini ya ardhi hadi siku ya kiama."

Haidari akarejea na kipande mkononi na machozi mashavuni. Sultani akaamuru kitiwe katika chombo cha dhahabu tupu, na chombo kiwekwe juu ya nguzo ndefu yenye ngazi katikati ya baraza. Na watu wa Jauhari kwa mapenzi hawajambo! Ikawa ada kwamba kila aingiaye kumwamkia Sultani sharti amimine kikombe cha marashi katika chombo kile na kumwombea mwanamfalme, kuanzia waziri hata mfagia mazizi ya punda. Wakaja asubuhi, wakaja alasiri, na wengine wakaja mara mbili kwa siku moja ili dua izidi nguvu.

Kipande kikaota, kikarefuka kidogo, na nyoyo zikatulia. Lakini mwezi wa nne majani yakaanza kuwa ya manjano, likaanguka moja, yakaanguka matatu, na watu wakalia, "Una kiu, maskini!" wakazidisha vikombe.

Siku ile alikuwapo kasrini msichana mfinyanzi, Mize binti Faki, ameleta mitungi ya jikoni. Akasikia vilio, akachungulia barazani, na harufu ikampiga puani. Hakungoja ruhusa. Alipanda ngazi ya nguzo, akatia kidole chake ndani ya udongo wa chombo kile hadi pingili ya pili, na baraza zima likashika vinywa.

"Mshikeni!" akapiga kelele Waziri Shibli. "Ametia uchafu katika chombo cha Maulana!"

"Maulana, niwie radhi, unihukumu baadaye," akasema Mize. "Mmea huu haufi kwa kiu. Unazama."

"Unazama?" akauliza Sultani. "Humu barazani?"

"Humu humu, Maulana. Chombo hiki hakina kitundu chini. Mapenzi yenu yote yamo ndani, hayana pa kutokea."

Akakiinamisha, na maji meusi yakamwagika, na mizizi ikaonekana imeoza, imelainika kama bamia iliyopitiliza. Wenye vilemba wakafunika pua. Uzima ulikuwa umebaki katika ncha moja tu, yenye majani matatu, na Mize akaishika na kusema, "Hapana budi tuikate."

Kukata! Si kukata ndiko kulikoleta balaa? Sultani akajishika kifua, na Waziri akaapa kwamba binti huyu ametumwa na majini. Haidari peke yake ndiye aliyesogea.

"Nionyeshe," akasema.

Mize akamwonyesha kifundo katika shina, kidogo, chenye kinundu. "Humu ndimo mzizi ulimolala, bwana wangu. Ukikata juu yake, ncha haina pa kuotea. Ukikata chini yake, huenda ikaishi. Siapi."

Haidari akauangalia ule mmea, akamwangalia baba yake, akachukua kisu kwa mkono wake mwenyewe. "Nikiwa wa kutwaliwa, na nitwaliwe nikijaribu," akasema, na akakata chini ya kifundo.

Lahaula! Madirisha yakagongana, moshi ukajaa, na Dahmani akasimama barazani ameinama kwa ufupi wa dari. "Mara ya pili!" akanguruma. "Mara ya pili umenikatia!"

"Bwana wa msitu, niulize mimi, shauri lilikuwa langu," akasema Mize. "Kule alikata apite. Hapa amekata auponye. Tupe muda, utaona."

"Siku kumi," akasema jini. "Pasipo mzizi, namtwaa. Nawe binti, shika njia yako, sina ugomvi nawe."

"Siendi," akasema Mize. "Mgonjwa haachwi na mganga wake."

"Basi mtakuwa wawili," akasema jini, akatoweka.

Mize akaitia ncha ile katika chupa ya bilauri, maji yakifika kwenye kifundo tu, akaiweka nyuma ya pazia jembamba, ipate mwanga na jua lisiiunguze. Kazi ngumu ikawa kuwazuia wenye mapenzi. Siku ya tatu alimkamata Waziri Shibli ananyata na kikombe chini ya joho.

"Tone moja tu, mwanangu, kwa baraka," akanong'ona.

"Kanywe wewe, mzee wangu," akasema Mize, akamgeuza mlangoni.

Siku ya nane, hakuna kitu. Haidari hakula. Siku ya tisa kifundo kikavimba. Siku ya kumi, adhuhuri, Mize akainua chupa kwenye mwanga, na pale, wallahi, pametoka mzizi mweupe, mdogo kama punje ya mchele! Haidari akapiga ukelele hata njiwa wakaruka kutoka darini, na Sultani akaja mbio bila kilemba, na Dahmani alipofika akabandika jicho lake kubwa kwenye bilauri, akauona mzizi, akaondoka.

Mize akafinyanga chungu chenye vitundu, akatandika vigae chini, akatia udongo uliochanganywa na makumbi ya nazi na mkaa, akaipanda ncha ile humo na kukiweka chungu juu ya nguzo. Hakumwagilia bila kutia kidole kwanza, na kila Ijumaa yeye na Haidari waliyafuta majani vumbi kwa kitambaa kibichi, jani moja moja, na mazungumzo yao yakawa marefu kuliko kazi yenyewe. Mmea ukarefuka, ukashuka nguzo, na siku kumi na moja kabla ya mwaka kwisha ncha yake ikagusa sakafu.

Dahmani akaja, na watu wakainamisha vichwa. Akasema, "Haidari, u huru." Lakini hakuondoka. Akajikuna ndevu, akamwinamia Mize na kusema kwa sauti ndogo, "Binti, nami ninalo waridi kule chini, nimelitia katika jagi la almasi, na linanyauka."

"Jagi lina kitundu?" akauliza Mize.

"Kitundu cha nini?" akasema jini.

Baraza likaangua kicheko, na jini naye akacheka hata kuta zikatikisika. Akanunua vyungu arubaini, akavilipia kwa kasha la lulu. Na Haidari akapiga goti, akasema, "Ewe Mize, uliyekataa kuniacha, nikubali niwe mumeo."

"Nimekubali," akasema Mize, "ila joko langu la kuchomea vyungu litakuja nami, na kwa udongo wa kwenye kucha zangu usinune."

Wakaoana, wakala wakanywa siku arubaini, na Jauhari ikajaa vyungu vya majani madirishani. Nawe msikilizaji, jua kwamba wengi wameangamizwa na wapendao bila kuuliza. Umpendaye, mtu au mmea, tia kidole kwanza ujue ana kiu au ameshiba, ndipo umimine.