Mashahidi wa Bi Mwanasiti

Mafuta ya meli yalipochafua ufuo, Bwana Ghalibu, mwenye majumba ya kuuza hapo hapo, alimjia jirani yake Bi Mwanasiti akiwa amebinua midomo.

"Bibi, niuzie kiwanja chako kwa bei ya bure."

"Haya, mwanangu. Ila kiwanja hakiuzwi bila mashahidi. Wale pale barazani. Waeleze kwa nini bei ni hiyo, wasiseme umenipunja."

Ghalibu akapaza sauti: "Ufuo huu umekufa! Visima vinanuka, hapakaliki! Atakayenunua hapa kwa bei kubwa ni mpumbavu!"

Mashahidi wakainuka, nyuso zimewaiva.

"Ni wateja wa dalali wako," alisema Bi Mwanasiti, akimimina kahawa. "Walikuja kuniuliza kama nyumba zako zinafaa. Nikawaambia wakusubiri wewe mwenyewe."