Mbuzi wa Rabab

Wametusimulia waliotutangulia, na mimi chumvi sijatia, kwamba katika kitongoji kimoja nje ya Basra alifariki mfinyanzi mcha Mungu aitwaye Mundhir. Alimwacha mkewe Rabab na mayatima watatu, pamoja na mbuzi mmoja wa maziwa. Maziwa hayo ndiyo yaliyowalisha watoto asubuhi na jioni.

Watu wakaja kutoa taazia. Siku ya kwanza wakamaliza tende za nyumba nzima, siku ya pili wakamaliza unga. Siku ya tatu wakakaa tu, wanaume nje, wanawake ndani, kila mmoja anasema "Subira, subira" na jicho liko jikoni. Desturi yao ilikuwa mfiwa achinje siku ya tatu, na asiyechinja husemwa mpaka wajukuu wake wazeeke.

Jabala, ndugu wa marehemu, akaja hadi kwenye pazia alilokaa Rabab nyuma yake.

"Shemeji, watu wanangoja. Usituaibishe. Kisu nimeshakinoa."

Rabab akanyamaza. Aliiogopa njaa ya wanawe, na midomo ya watu aliiogopa pia. Jabala akakihesabu kimya kile kuwa ni ruhusa, akamfungua mbuzi.

Mlangoni akakutana uso kwa uso na Bi Unaysa, ajuza mwenye alama ya sijida kipajini na ulimi usiokopesha. Alikuwa amebeba chungu cha uji wa shayiri.

"Unampeleka wapi huyo?"

"Kwa wageni, bibi. Ni heshima ya marehemu."

"Marehemu ndiye aliyekutuma?" Kisha akapaza sauti hadi nje wakasikia. "Rabab mwanangu, mbuzi ni wako na wanao. Sema lililo moyoni. Mwenyezi Mungu anasikia, na hawa nao wasikie."

Mbuzi peke yake ndiye aliyelia. Halafu ikatoka sauti nyuma ya pazia, inatetemeka lakini haikatiki:

"Wallahi sitaki achinjwe. Ndani hamna hata punje. Akiliwa leo, kesho wanangu watakunywa nini? Mkitaka kunisema, nisemeni."

Bwana mmoja mnene, aliyeshinda pale siku zote tatu, akakohoa. "Sisi tumekuja kutoa pole tu."

"Pole gani hiyo inayongoja mchuzi?" akajibu Bi Unaysa. "Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliamrisha wafiwa wapikiwe, kwa kuwa wameshughulishwa na msiba. Nyinyi mmemwashisha mjane moto jikoni, kisha mnamwambia asubiri!"

Jabala akakitupa kisu. Akalia kilio ambacho hata siku ya maziko hakulia, kisha akaenda kwake mbio, akarudi na gunia la unga begani. Kabla ya adhana ya alasiri vyungu vilikuwa vimepangana mlangoni, wanawake wanashindana nani kapika vizuri zaidi. Yule bwana mnene alileta kondoo mzima, alhamdulillahi! Na mbuzi wa Rabab, katika vurugu ile, akautafuna mkeka wa bwana huyo bila wa kumfukuza.

Tangu siku hiyo, kitongojini pale mfiwa hakuwasha tena moto siku tatu. Yote hayo kwa ukweli wa mjane mmoja aliyewaogopa watu, akamwogopa Mola wake zaidi.

Basi nawe unapokwenda kutoa pole, kabla hujafungua mdomo, itazame mikono yako imebeba nini.